Jamu ya mabibo imebaki chupa 34, na nyumbani hatuli mkate: niitumieje?

“Mimi ni mama wa nyumbani, naishi Ndanda, wilayani Masasi. Msimu wa korosho uliopita nilijifunza kutengeneza jamu, na kwa kuwa mabibo na maembe yalikuwa yakioza chini ya miti, nilipika nyingi kuliko tunavyoweza kula. Nimebaki na chupa 34. Mkate tunanunua kwa nadra. Asubuhi tunakunywa uji, au chai kwa mihogo na vitumbua. Chupa nyingine jamu ni nyepesi kama mchuzi, nyingine imekuwa ngumu, nyingine ina chengachenga za sukari chini, na chupa mbili zimeota utando mweupe juu, ambao mama mkwe anasema niuondoe tu kisha niichemshe jamu upya. Mume wangu ana kisukari, lakini anasema jamu ni tunda, kwa hiyo haimdhuru. Naomba ushauri niitumieje kabla haijaharibika, na kama naweza kuiuza.”

Dada yangu, kwanza nikupongeze, kwa sababu mabibo mengi ya mikoa yetu ya Mtwara na Lindi huishia chini ya mkorosho mara tu korosho inapong’olewa, ilhali bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Swali lako lina mambo mawili ambayo ni lazima yatenganishwe: ipi kati ya jamu hizo bado inafaa kuliwa, na ile inayofaa itumikeje katika nyumba isiyokula mkate. Nitaanza na usalama, kwa sababu kuna chupa ambazo hazistahili kuingia jikoni kabisa.

Jamu haidumu kwa sababu ni tamu. Inadumu kwa sababu sukari yake, ambayo katika jamu iliyopikwa sawasawa hufikia karibu asilimia 65 ya uzito wote, imeyashika maji ya tunda kiasi kwamba vijidudu havipati maji ya kuishi, kama vile chumvi inavyomlinda samaki wa ng’onda. Kinga ya pili ni asidi, ile ya tunda lenyewe na ile ya ndimu tunayoongeza, na ya tatu ni joto la kupikia pamoja na kifuniko kilichofungwa jamu ikiwa bado ya moto sana. Kinga hizi hufanya kazi kwa pamoja. Jamu iliyowekewa sukari kidogo ili kubana matumizi, au iliyotolewa jikoni kabla maji hayajapungua vya kutosha, au iliyowekwa kwenye chupa yenye unyevu, imepoteza sehemu ya kinga hizo hata kama ladha yake ni nzuri. Ni kosa, basi, kuamini kwamba kila jamu ya nyumbani hukaa mwaka mzima kabatini kwa sababu tu ina sukari.

Zile chupa mbili zenye utando mweupe zitupe zote, jamu na yote. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba ushauri wake ulikuwa wa kawaida kwa wapishi wengi wa zamani, lakini sasa tunajua kwamba ukungu unaoonekana juu ni sehemu tu ya ukungu wenyewe. Nyuzi zake hupenya chini mahali ambapo jicho halifiki, na baadhi ya aina zake huacha sumu ndani ya chakula. Pengine umeshasikia kuhusu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ya mahindi na karanga. Ukungu wa jamu si lazima uwe wa aina ile ile, lakini kanuni ni moja: sumu za ukungu nyingi hustahimili moto wa jikoni, kwa hiyo kuchemsha upya huua ukungu na kuiacha sumu ilipo. Tupa pia chupa yoyote ambayo kifuniko kimevimba, au ikifunguliwa inatoa povu, au inanuka pombe. Hiyo imeanza kuchacha. Usiwape watoto, na usiibadilishe kuwa kitu kingine.

Hali nyingine ulizozitaja hazina hatari. Jamu nyepesi kwa kawaida ni jamu ambayo pektini yake haikushikana. Pektini ni ile sehemu ya tunda inayofanya jamu igande, nayo huhitaji asidi ya kutosha na sukari ya kutosha kwa wakati mmoja. Embe lililoiva sana lina asidi kidogo na pektini yake imeshalegea, ndiyo maana jamu yake huteleza usipoiongezea ndimu. Jamu ngumu ni ile iliyopikwa kupita kiasi. Chengachenga za chini ni sukari iliyojitenga, pengine kwa sababu haikuyeyuka yote kabla ya mchemko mkali, na huyeyuka ukiiweka chupa ndani ya maji ya moto. Tahadhari moja tu kwa zile nyepesi: kama wepesi wake unatokana na maji mengi yaliyobaki, zitakuwa za kwanza kuharibika, kwa hiyo anza kuzitumia hizo.

Sasa tuje kwenye matumizi. Ninakuomba uache kuiona jamu kama kitu cha kupaka, na badala yake uione kama viungo vitatu vilivyokwisha kupikwa pamoja: sukari, asidi na ladha ya tunda. Popote jikoni kwako unapotumia sukari, au unapotumia ndimu na sukari kwa pamoja, jamu inaweza kuingia. Sharti ni hili, na naomba ulishike kuliko jingine lolote katika jibu hili: ukishaiongezea maji, maziwa, tui au kitunguu, ile kinga ya sukari imevunjika, na ulichonacho mkononi si jamu tena bali ni chakula cha kuliwa siku hiyo hiyo, isipokuwa achari yenye siki nitakayoieleza hapa chini. Wengi huharibikiwa hapo, kwa kudhani kwamba sharubati ya jamu itadumu kama jamu yenyewe.

Jamu ya mabibo ningeipeleka kwanza kwenye samaki na kuku. Bibo lina tanini, ambazo ndizo zinazoleta ule ukakasi mdomoni, na ukakasi huo unaowakera watu kwenye mkate huwa mzuri ajabu kwenye chakula chenye mafuta na protini, kwa kuwa tanini hushikana na protini na ladha ikatulia. Chukua vijiko vitatu vya chakula vya jamu ya mabibo, maji ya ndimu moja kubwa, punje chache za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa, pilipili mbuzi kwa kadiri mnavyoipenda, na chumvi. Koroga mpaka vishikane. Samaki au kuku mchome kwanza kwa chumvi na ndimu peke yake, na anapokaribia kuiva ndipo umpake mchanganyiko huu, umgeuze mara mbili tatu kwa dakika zisizozidi tano, kisha umtoe. Ukimpaka mapema, sukari itaungua juu ya mkaa na kuwa chungu wakati ndani nyama bado mbichi. Mchanganyiko uliogusana na nyama mbichi usirudishwe kwenye bakuli safi, na uliobaki mezani usihifadhiwe.

Kinachofuata ni achari, na kwa mtu mwenye chupa nyingi kama wewe hii ndiyo njia ninayoipendelea kuliko zote, kwa kuwa inatumia jamu kwa wingi na bado inampa mlaji kitu cha kula kidogo kidogo pembeni mwa wali, mihogo ya kuchemsha au maharage. Kaanga vitunguu maji viwili vilivyokatwa vidogo mpaka vilainike, tia tangawizi, pilipili, chumvi na bizari nzima kidogo, kisha mimina kikombe kimoja cha jamu na nusu kikombe cha siki. Acha ichemke kwa moto mdogo, ukikoroga isishike chini, mpaka mwiko ukipitishwa chini ya sufuria uache njia isiyojifunga papo hapo. Jamu ya embe inafaa sana hapa, hata ile nyepesi, kwa sababu utaipika tena na kuikausha. Siki inaongeza asidi iliyopunguzwa na kitunguu, kwa hiyo usiipunguze ili kubana gharama. Hata hivyo achari ya namna hii, ambayo hatukuipima asidi yake, iweke kwenye friji na muimalize ndani ya wiki chache. Asiye na friji apike ya siku mbili tatu tu na kuichemsha kila siku.

Kwa kuwa mnakula vitumbua, hapo pana nafasi kubwa. Kikombe kimoja cha jamu kina sukari inayokaribia sana kikombe kimoja cha sukari ya kawaida, pamoja na maji yasiyofika nusu kikombe. Maana yake ni kwamba mahali ulipokuwa ukiweka kikombe cha sukari unaweza kuweka kikombe cha jamu, ukapunguza tui kwa theluthi ya kikombe au zaidi kidogo. Nakushauri mara ya kwanza ubadilishe nusu tu ya sukari, kwa sababu jamu huleta rangi haraka kuliko sukari ya kawaida na kitumbua kinaweza kuwa cheusi nje kabla hakijaiva katikati. Ponda vipande vya tunda kwanza, vinginevyo vitanata kwenye chuma. Kiasi kisizidi cha mapishi yako ya kawaida, maana sukari ikizidi huinyang’anya hamira maji na unga hauumuki. Mapishi ya keki na maandazi hufuata hesabu hiyo hiyo.

Jamu ngumu inaweza pia kuwekwa ndani ya andazi kabla ya kukaangwa, kijiko kimoja cha chai kikiwa katikati na kingo zikiwa zimebanwa vizuri. Usijaribu hivyo kwa jamu nyepesi: itavuja, mafuta yataruka, na unaweza kuungua. Wape watoto maandazi hayo yakiwa yamepoa, kwa sababu jamu iliyo ndani hubaki ya moto muda mrefu baada ya unga wa nje kupoa.

Mahali penye korosho hapakosi kashata, nazo zinaipokea jamu ngumu vizuri, ila nikueleze ukweli wake mapema. Yeyusha kikombe kimoja cha sukari pamoja na nusu kikombe cha jamu kwa moto wa wastani, ukikoroga, mpaka tone likidondoshwa kwenye maji baridi ligeuke kidonge kinachobaki na umbo lake. Mimina vikombe viwili vya korosho au karanga zilizokaangwa, changanya haraka, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, na ukate kabla hazijapoa kabisa. Zitakuwa na rangi ya kahawia na uchachu mzuri, lakini hazitakuwa kavu na zenye kuvunjika kama kashata za sukari tupu. Asidi ya jamu, ikipata moto, huivunja sukari kuwa sukari ndogo mbili, na mojawapo hufyonza unyevu kutoka hewani. Katika mvua zetu za Desemba hadi Aprili, na hasa pwani ya Mikindani na Lindi, kashata hizo zitaanza kunata baada ya siku chache. Zifunge kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, au zitengenezwe wakati wa kiangazi.

Kwenye vinywaji sitakaa sana. Jamu nyepesi sehemu moja kwa maji yaliyochemshwa na kupoa sehemu tano, pamoja na ndimu na tangawizi, hutoa sharubati nzuri inayopaswa kunywewa siku hiyo hiyo. Kwa uwiano huo sukari yake iko karibu sawa na ya soda, kwa hiyo jina la tunda lisitudanganye. Sharubati hiyo hiyo ikigandishwa inakuwa lambalamba, kama jirani ana friji. Usiweke jamu kwenye maziwa yanayochemka, kwa sababu asidi itayakata. Ichanganye na mtindi, au na maziwa yaliyokwisha kupoa. Tui nalo hukatika likichemka pamoja na jamu, kwa hiyo kama unataka kuilainisha mihogo ya nazi kwa ladha ya embe, epua sufuria kwanza, ndipo utie kijiko cha jamu na kukoroga. Kwenye uji, jamu iingie mwisho na ichukue nafasi ya sukari, isiongezwe juu ya sukari. Mtoto wa chini ya miaka 2 hahitaji kuongezewa sukari ya aina yoyote, iwe ya dukani au ya jamu.

Hilo linanipeleka kwa mumeo, na hapa nasema bila kuzunguka: jamu si tunda kwa mgonjwa wa kisukari. Kijiko kimoja cha chakula cha jamu, takriban gramu 20, kina sukari ya karibu gramu 12 hadi 13, yaani kama vijiko vitatu vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba hata mtu mzima asiye na ugonjwa apate sukari ya kuongezwa isiyozidi asilimia 10 ya nishati anayokula kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo ni kama gramu 25 kwa siku nzima. Vijiko viwili vya jamu vinakimaliza kiasi hicho. Hata sehemu kubwa ya ile vitamini C ya bibo niliyoisifu hapo juu imepungua kwa moto na kwa kukaa muda mrefu katika joto, kwa hiyo asijifariji kwamba anakula dawa. Achari iliyo kidogo pembeni mwa sahani ina sukari chache kuliko kikombe cha sharubati, lakini hata hiyo ihesabiwe. Hospitali ya Ndanda iko jirani nanyi. Nendeni pamoja, mkamwambie daktari au mtaalamu wa lishe anakula nini hasa kwa siku. Kama anatumia vidonge au sindano za kushusha sukari, asibadilishe chakula chake wala dozi yake kwa kufuata maandishi yangu. Na kama ana kiu isiyoisha, anakojoa mara nyingi, macho yanafifia au ana kidonda cha mguu kisichopona, msisubiri siku ya kliniki.

Kuhusu hifadhi ya chupa zilizobaki: ziweke mahali pakavu, pa giza na penye ubaridi kadiri inavyowezekana, mbali na jiko na bati. Fungua moja kwa wakati, tumia kijiko kikavu, na iliyofunguliwa bila friji imalizwe ndani ya wiki moja. Jamu iliyobadilika rangi na kuwa ya kahawia nzito kwa sababu ya joto, bila ukungu, povu wala harufu mbaya, haijaharibika ila imepoteza sehemu ya ladha, na hiyo ipeleke moja kwa moja kwenye achari au samaki.

Je, uiuze? Hizi ulizonazo, hapana. Hukueleza kama uliandika tarehe wala kiasi cha sukari, hali za chupa zinatofautiana sana, na mnunuzi hana njia ya kujua ipi ni ipi. Kuwapa ndugu na majirani chupa zilizo nzima, ukiwaeleza zilivyopikwa na wakae nazo muda gani, ni jambo jingine na ni jema. Biashara ya jamu inawezekana kabisa kwa msimu ujao, ila ianze na mafunzo. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya TARI Naliendele, karibu na Mtwara mjini, ndiyo yenye ujuzi mkubwa wa korosho nchini na imekuwa ikifundisha usindikaji wa mabibo. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, itakuelekeza kwenye vifungashio, lebo na kupima mchanganyiko wako. Na tangu 2019 usalama wa chakula cha kusindikwa uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambao ndio watakaokueleza taratibu za kupata alama ya ubora. Ukifika huko, nenda na chupa mbili tatu za hizi hizi, nyepesi na ngumu, ili wakuonyeshe kasoro ilipo.

Ukipika tena, pima kwa kipimajoto kama utakipata: kwa mpishi wa pwani jamu huwa tayari inapofikia nyuzi joto 104 hadi 105. Ndugu zako wa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, watoe karibu nyuzi 2, kwa sababu maji huchemka mapema kadiri mtu anavyopanda juu, na wakingoja 105 jamu yao itakuwa ngumu kama ile ya chupa zako. Wewe uliye Ndanda, chini ya uwanda, punguza kidogo tu. Asiye na kipimajoto adondoshe tone kwenye sahani baridi na kulisukuma kwa kidole. Likijikunja, jamu imeiva. Na kabla ya kuwasha moto, hesabu ni chupa ngapi nyumba yako itazitumia kwa njia nilizoeleza hapa, kisha mabibo yanayozidi yakaushe juani juu ya kichanja, kwa kuwa hayo hayahitaji sukari ya kununua.